Bua la Uwele na Klachi ya Mkwe

Kwa miaka kumi na saba nilimwamkia Mzee wa Klachi kila asubuhi, "Shikamoo mzee, umeamkaje?", na kila asubuhi nilikuwa naomba moyoni awe ameamka na mafua. Si ugonjwa mkubwa, mimi si mchawi. Mafua tu, ya kumlaza siku tatu nne, wateja wake wakute geti limefungwa wageukie upande wangu. Hayakumpata hata mara moja. Mtu yule alikuwa na kifua cha punda.

Gereji zetu zilipakana, pale nje kidogo ya Makole, hapa Dodoma, ukuta wa mabati katikati. Jina lake sitalitaja, na hata ningelitaja lisingewasaidia, kwa sababu mtaa mzima haukulijua. Alikuwa Mzee wa Klachi, basi. Mimi nafanya kila kitu: breki, stelingi, injini, viyoyozi. Yeye alifanya klachi peke yake. Ukimpelekea gari lenye taa iliyoungua, alinyoosha kidole upande wangu, "Nenda kwa jirani, yule anajua." Nusu ya wateja wangu walikuja kwa kidole kile. Kila nilipompokea mmoja wao nilihisi nimepewa makombo, na makombo yenyewe nikala.

Nieleze jambo moja mapema, maana bila hilo hamtajua kwa nini mtu mzima alikosa amani kwa ajili ya klachi. Baba mkwe wangu ana kilori cha kubebea samaki kutoka bwawa la Mtera. Kila kilipomsumbua alikuja nacho mtaani kwetu, akifika mbele ya geti langu anapiga honi, anatoa mkono dirishani, "Hujambo, baba Neema!", kisha anakata kona anaingia kwa jirani. Kwa jirani! Nimeoa binti yake, nimezaa naye watoto watatu, nina bango lenye picha ya spana kubwa kuliko mlango, na mkwe ananipungia mkono akipita. Mafundi wenzangu hawakuniacha. "Leo mkweo kaja kukusalimia tena?" Nilipomlalamikia Mama Neema, alichagua maneno yake taratibu, akaniambia, "Baba anasema wewe ni mzuri sana kwa breki." Ndoa yetu imevumilia mengi, lakini sentensi ile nusura ituachanishe.

Kwa hiyo nilichotaka kilikuwa kimoja. Siku moja kilori kile kiingie getini kwangu, kwa klachi, mchana kweupe, watu wakiona. Hakuna kingine nilichokuwa nakitaka sana kama hicho, na aliyekuwa amekikalia ni yule mzee.

Alikuwa mfupi, mikono mikubwa kupita kimo chake, kofia ya kufuma iliyokuwa nyeupe zamani na ikageuka rangi ya chai. Kwao ni Busi, kule Kondoa, na ingawa alikaa mjini miaka mingi alisema Kiswahili chake kama mtu anayekanyaga mawe ya mtoni, neno moja, halafu anaangalia pa kuweka linalofuata. Wateja walingoja. Mimi nikianza kueleza kitu mteja anaangalia simu, lakini mzee akinyamaza katikati ya sentensi, watu wazima wenye suti wanasimama wamemkodolea macho. Hilo nalo lilinikera.

Kitu cha kwanza ambacho sikuweza kumsamehe ni alivyonunua. Niwaeleze kidogo. Kwenye magari mengi ya siku hizi, rilizi beringi, ile inayosukuma vidole vya klachi unapokanyaga pedeli, haisukumwi na uma wa chuma kama zamani. Inasukumwa na oili ya breki yenyewe, na imekaa ndani kabisa, imezunguka shafti ya gia boksi. Ikivuja, au ukikosea kuipanga, huwezi kuchungulia wala kukaza nati moja ukaenda nyumbani. Unashusha gia boksi nzima, unaanza upya. Ndiyo maana sisi wengine tulikuwa tunaingia dukani, tunataja gari, tunapokea boksi, tunaondoka. Mzee alikuwa anaomba stuli.

Mwenye duka la spea tuliyekuwa tunanunua kwake wote wawili ni Mhindi mzaliwa wa Dodoma hapa hapa, mcheshi, na alikuwa anamjua. Akimwona mlangoni anatoa maboksi matatu bila kuulizwa. Mzee analifungua la kwanza, anaizungusha beringi sikioni, anainusa mpira wake, anaibonyeza kwa dole gumba kidogo tu aone kama inateleza sawa pande zote. Anairudisha. Ya pili hivyo hivyo. Siku moja mwenye duka akamwambia, "Mzee, unanunua beringi au unatafuta mchumba?" Watu dukani wakacheka. Mzee akaweka neno lake la kwanza, akatafuta la pili, akasema, "Mchumba akikosea mtarudiana nyumbani. Hii ikikosea, mteja atalala porini." Akaikataa hata ya tatu, akaondoka mikono mitupu, na gari la mteja lipo juu ya mawe linamsubiri. Na mteja, jamani, alingoja siku mbili. Mimi wateja wangu hawaningojei nimalize kunywa chai.

Kitu cha pili ni kamba. Gia boksi ikishashuka, pedeli ya klachi haikanyagwi, kwa sababu beringi haina kitu cha kuizuia mbele yake. Ukikanyaga inaruka nje na oili inamwagika yote, na beringi mpya imeshakufa kabla ya kuzaliwa. Kila fundi anajua, na kila fundi anasahau kumwambia mteja. Mzee alikuwa anaifunga pedeli kwa kamba ya katani, mafundo matatu, kwenye nguzo ya kiti. Tangu Serikali ihamie huku tumepata wateja wa maofisini, na mmoja wao, kijana wa wizara fulani, alipanda garini kuchukua chaja yake, akaona kamba, akaifungua, akakanyaga pedeli. Mzee alikuwa chini ya gari. Tukasikia "puu!".

Akatoka uso mzima umelowa oili, amefumba macho, anapapasa ukuta wa mabati. Nilicheka upande wangu mpaka nikakaa chini. Kijana anajitetea, "Samahani sana mzee, nilikuwa naitesti tu, nikajua labda imejifunga." Mzee akanawa kwanza. Akanawa tena. Kisha akamkabidhi ile kamba, akamwambia, "Ifunge wewe." Kijana wa watu akapiga magoti na suruali yake ya ofisini, akafunga mafundo matatu, mzee akiyakagua moja moja. Basi. Hakumfokea. Nilikuwa nimesubiri amfokee, ili angalau niseme kwamba ana mdomo mchafu.

Maana kasoro zake nilizitafuta, msinione mvivu. Nilizipata chache. Alikuwa bahili wa sukari, chai yake ilikuwa chungu mpaka ikaitwa dawa. Baiskeli yake ilikuwa inaangusha cheni kila anapofika kona yetu, na yeye, mtu wa kupima mpaka unene wa nywele, alikuwa anairudisha kwa kijiti na kuendelea, mwaka hadi mwaka. Na kubwa kuliko zote: hakujua kuendesha gari. Hakuwahi kukaa nyuma ya usukani maisha yake yote. Nilipoligundua nilifurahi wiki nzima, nikawaambia watu wote, "Fundi gani wa klachi asiyejua kukanyaga klachi?" Wakanijibu, "Ndiyo, lakini umeona anavyofanya?"

Alivyofanya ni hivi. Kazi ikiisha mteja mwenyewe aliendesha, mzee anakaa pembeni yake, anavua kobazi la mguu wa kulia, anaweka unyayo mtupu sakafuni mwa gari, anafumba macho. Wanazunguka mtaa mara moja. Akirudi anasema, "Imekaa," au anasema, "Shusha." Akisema shusha, gia boksi inashushwa tena, hata kama mteja analia kwamba iko sawa. Habari yangu ya kumchafua ikawa sifa yake nyingine. Nikaacha kuitangaza.

Sasa mabua. Nyuma ya gereji yake palikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa mabua makavu ya uwele, yamekatwa mafupi mafupi, kila moja limeandikwa kwa kalamu. Mtaani ilivuma kwamba ni dawa aliyotoka nayo kwao, na wapo waliokuwa hawapiti karibu na kopo lile. Uongo mtupu, maana hakuficha kitu. Mwaka wa kwanza tu alinionyesha. Unalaza pau ya chuma iliyonyooka mdomoni mwa injini, unachomeka bua kutoka kwenye pau mpaka kwenye vidole vya klachi, unalikata kwa wembe. Hicho ni kina cha upande wa injini. Unageukia gia boksi, unapima beringi imechomoza kiasi gani ikiwa imerudi nyuma kabisa, unakata bua la pili. Unayasimamisha yote mawili juu ya kioo. La injini lazima lilizidi la gia boksi kwa unene wa njiti mbili za kiberiti. Likizidi zaidi ya hapo, unaongeza washa, kile kipete chembamba cha chuma, nyuma ya beringi. Likipungua, unatoa. Ndio uganga wote.

"Kwa nini usinunue kipimo cha namba?" nilimuuliza. Mimi nilikuwa na venia, kipimo cha chuma kinachong'aa, ndani ya boksi lake lenye sponji. Akanijibu, "Macho yangu hayapendi namba. Bua likipungua naliona." Kisha akasema maneno aliyopenda kuyasema, "Jirani, gari halina aibu. Litakusema barabarani."

Na hapo ndipo wivu uliponifanya mjinga. Nilikuwa nimeelezwa kila kitu, kwa uwazi, na bado sikuamini. Haiwezekani, nilisema, mtu akueleze siri yake yote na bado akushinde. Lazima siri iko ndani ya lile kopo.

Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimeshakatika, mzee alipata msiba Busi akafunga gereji. Siku ya pili nikasikia honi. Nikajiandaa kupungiwa mkono. Kilori kikasimama. Baba mkwe akateremka, akatazama geti la jirani lililofungwa, akatazama langu, akakohoa. "Baba Neema," akasema, "klachi imekwisha. Nina samaki wanangoja Mtera."

Nilisema, "Karibu baba," kwa sauti ya kawaida kabisa, na moyo unaruka kama ndama. Nikahakikisha geti limefunguliwa pande zote mbili. Kila aliyepita nilimsalimia kwa nguvu ili ageuke aone. Nilinunua vitu vizuri: klachi pleti mpya, presha pleti mpya, beringi mpya. Nilikaa hata mimi kwenye stuli pale dukani, nikainusa beringi, ingawa sikujua nanusa nini. Mwenye duka akanitazama, akaendelea kuandika risiti.

Gia boksi ikiwa chini, venia yangu ikiwa mezani, nikapanda kwenye pipa, nikaruka ukuta wa mabati. Kopo lilikuwa mahali pake. Nikatafuta mpaka nikapata mabua mawili yaliyofungwa kwa uzi, yameandikwa "kilori cha samaki, washa mbili". Nikayabusu, Mungu anisamehe. Nikarudi, nikaweka washa mbili, nikafunga gia boksi, nikatoa upepo kwenye oili, nikamaliza kabla ya jua kuzama. Sikupima. Venia haikutoka kwenye boksi.

Fundi yeyote anayesoma hapa ameshika kichwa tayari. Mabua yale yalikuwa ya klachi ya zamani. Presha pleti niliyofunga mimi ilikuwa ya kampuni nyingine, na vidole vyake vilikuwa vimeinuka kuliko vya ile. Nafasi ya njiti mbili haikuwepo. Haikuwepo hata ya unyasi. Beringi ilikuwa inasukuma klachi muda wote, mguu upo kwenye pedeli au haupo. Baba mkwe alipojaribu alisema, "Mbona inashika juu sana?" Nikamwambia, "Ni mpya, baba. Itazoea." Itazoea! Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo huu.

Kilori kikaenda Mtera kikiwa kitupu, vizuri. Kikarudi na samaki na barafu. Kwenye kilima, injini ikanguruma na kilori hakiendi, kikaanza kutoa moshi. Baba mkwe alikaa pale siku nzima juani, barafu inatiririka barabarani, samaki wa watu wanaharibika, akina mama waliompa mzigo wanampigia simu. Mzee alikuwa amerudi kutoka msibani asubuhi ile ile. Tukaenda wote wawili kwa gari la kukodi, yeye kobazi mguuni, mabua mfukoni, mimi nikiwa na klachi pleti nyingine mapajani.

Alilala chini ya kilori kando ya barabara. Gia boksi iliposhuka alichomeka bua, akakata, akachomeka la pili. Akayasimamisha juu ya kioo cha pembeni alichokifungua mlangoni. Yalikuwa sawasawa, kichwa kwa kichwa. Akanitazama mara moja. Akazitoa washa mbili, akapima tena, akafunga. Kisha akanawa mikono kwa maji ya barafu, akamwita baba mkwe pembeni, wakazungumza kidogo nyuma ya kilori. Waliporudi, mzee akasema kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wamejaa pale, "Beringi ilikuwa feki. Ingemkuta fundi yeyote."

Nilipaswa kushukuru. Nilichohisi ni hasira. Hata kosa langu alikuwa amelichukua, amelifanya jema lake! Tangu siku ile nilimchukia kwa bidii zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na deni la heshima kwake na sikuweza hata kulisema. Kilori kikarudi kupita mbele ya geti langu, honi, mkono, kona.

Miaka ikapita, mtoto wa jicho akamzidi. Alifunga gereji, akarudi kwao, mabati akaniachia mimi. Wiki hiyo hiyo kilori kikaingia getini kwangu, bila honi. Nikakipokea. Nikapima kwa venia, mara tatu, jasho linanitoka. Tangu hapo baba mkwe haendi kwingine, na mimi nilijiambia nimeshinda. Ameondoka yule, baba mkwe hajui lililotokea, kilori ni changu. Nililala vizuri.

Mwaka huu baba mkwe akaniambia, "Twende Busi tukamwone mwenzetu." Tulimkuta ameketi nje kwenye mkeka, anachambua maharage kwa vidole, haoni. Baba mkwe alimsalimia, wakacheka habari za zamani, kisha akaenda kwa jirani kuangalia magunia ya alizeti. Nikabaki naye. Mikono ile mikubwa ikawa inaendelea kutenga mawe na maharage. Nikaona niseme, maana sikuwa na uhakika kama nitamkuta tena.

"Mzee, yale mabua ya kilori. Nilichukua mimi. Niliruka ukuta."

"Najua. Ulivunja pipa langu la maji upande wangu."

"Nisamehe. Na nikushukuru kwa kunisitiri siku ile."

Vidole vikasimama. "Nani alikusitiri?"

"Wewe. Ulisema beringi ni feki."

Akageuza uso kuelekea sauti yangu. Akaweka neno la kwanza, akatafuta la pili. "Mimi sikukusitiri, jirani. Mimi nilikuwa na hasira. Nilimwita mkweo nyuma ya gari nikamwambia, huyu hakupima. Nikamwambia asikupe tena hata baiskeli." Akatupa kijiwe pembeni. Nikangoja. "Yeye ndiye alinishika mikono. Akaniomba, mzee mwenzangu, sema beringi. Wale watu watarudi mjini wanasimulia, na binti yangu anakaa nyumba ile. Nikasema. Ni uongo wangu mmoja katika kazi. Nilikwenda mpaka kwa mwenye duka nikamwomba radhi, maana nilisingizia mali yake."

Nilikuwa nahesabu mara zote ambazo baba mkwe alileta kilori kwangu baada ya hapo, akanikabidhi ufunguo, akaenda kukaa na Mama Neema jikoni, akijua. Na, sitawadanganya, hata pale kwenye mkeka wivu ulinishika. Walikuwa na siri miaka yote hiyo, wawili, na mimi nilikuwa nje yake ninapungiwa mkono.

Baba mkwe akarudi, akamuaga, tukapanda. Tulikwenda mpaka tukaiona barabara kubwa. Nikajikaza.

"Baba, siku ile kilori kilipoharibika, ukitoka Mtera…"

Akakanyaga klachi, akabadili gia, macho yako mbele.

"Kile kilima kibaya sana, baba Neema," akasema. "Kingemaliza klachi ya mtu yeyote."